Tambi za Kuvutwa kwa Mkono: Nguvu ya Donge la Ngano Hutoka Wapi?

Mji wa Lanzhou ndio makao makuu ya jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi ya Uchina. Mji huo umelala kando ya Mto Huang He, yaani Mto Manjano, katika mwinuko upatao mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake wengi huianza siku kwa bakuli la tambi zilizomo katika supu ya nyama ya ng'ombe. Mikahawa inayouza chakula hicho haina mapambo: meza chache, chupa ya siki, kibakuli cha pilipili, na nyuma ya kaunta mpishi aliyekunja mikono ya shati. Mteja hulipa na kutaja unene wa tambi anazozitaka. Hapo mpishi huchukua donge la unga wa ngano, akalivuta kwa mikono miwili, akalikunja, akalivuta tena, na baada ya mikunjo michache akatupa fungu la nyuzi ndefu katika maji yanayochemka. Hatumii kisu wala mashine. Dakika chache baadaye mteja anakula.

Mtu akijaribu kufanya vivyo hivyo kwa unga wa mahindi, wa mtama au wa muhogo, donge litakatika mara ya kwanza tu. Ustadi wa mpishi, hata ungekuwa mkubwa namna gani, hautamsaidia. Kwa nini basi unga wa ngano ukubali kuvutwa na unga mwingine ukatae? Swali hili laonekana kuwa la jikoni tu, lakini jibu lake limo katika kemia ya protini, katika hisabati ya vipeo na katika fizikia ya joto. Zaidi ya hayo, jibu hilo linagusa bei ya mkate na chapati katika Afrika ya Mashariki.

Bakuli lenye rangi tano

Tambi za Lanzhou ni chakula kilichokuzwa na Wahui, ambao ni Waislamu wa Uchina. Kwa desturi, mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyekieneza mjini humo ni Ma Baozi, mnamo mwaka 1915. Siku hizi mikahawa ya namna hiyo imeenea katika miji mingi ya Uchina, na mingi kati yake huendeshwa na watu waliotoka jimbo jirani la Qinghai. Kwa kuwa nyama yake ni ya halali, wafanyabiashara Waislamu kutoka Afrika ya Mashariki wanaofika Guangzhou huweza kula humo bila wasiwasi.

Wenyeji husema kwamba bakuli lililotengenezwa barabara lina sifa tano: supu iwe maangavu, vipande vya figili viwe vyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, majani ya giligilani na ya kitunguu saumu yawe ya kijani, na tambi zenyewe ziwe za manjano. Rangi nne za kwanza zinaeleweka kwa urahisi. Rangi ya tano ndiyo ya kustaajabisha, maana unga wa ngano ni mweupe, na mpishi hatii yai wala bizari ya manjano. Sababu ya rangi hiyo itaelezwa hapa chini.

Kano ya unga

Unga wa ngano, kwa sehemu kubwa, ni wanga. Protini ni kiasi cha sehemu 10 hadi 13 tu katika kila 100. Hata hivyo, ni sehemu hiyo ndogo inayoamua tabia ya donge zima.

Mtu aliyeitenga protini hiyo kwa mara ya kwanza katika historia ya sayansi ya Ulaya alikuwa Jacopo Bartolomeo Beccari, wa mji wa Bologna nchini Italia. Beccari aliosha donge la unga kwa maji mpaka wanga wote ukatoka, akabaki na kitu chenye kunata na kuvutika kama mpira. Alieleza jambo hilo mwaka 1728, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1745. Kitu hicho huitwa gluteni. Wapishi wa Uchina nao wamekijua kwa muda mrefu, na hukipika kama chakula. Jina wanalokiita, mianjin, maana yake ni kano ya unga, na kwa hakika ni jina linalofaa sana.

Ikumbukwe kwamba gluteni haimo katika unga mkavu ikiwa tayari. Zilizomo ni protini za makundi mawili, gliadini na glutenini. Unga unapotiwa maji na kukandwa, protini hizo hunywa maji, hufunguka, hushikana, na kufanya wavu unaoenea katika donge lote. Chembe za wanga hukaa ndani ya wavu huo kama samaki katika jarife.

Kila kundi lina kazi yake. Molekuli za glutenini ni minyororo mirefu iliyounganishwa kwa madaraja ya salfa. Hizo ndizo zinazolipa donge unyumbufu, yaani uwezo wa kurudi lilikokuwa baada ya kuvutwa. Molekuli za gliadini ni fupi na zimejiviringa. Huteleza baina ya minyororo ile na kulifanya donge litiririke na kurefuka. Glutenini ikizidi, donge huwa gumu na kurudi nyuma kama ukanda wa mpira. Gliadini ikizidi, donge huwa legevu na kunyong'onyea. Mpishi wa tambi anahitaji donge lililo baina ya hali hizo mbili.

Wavu huo una tabia nyingine isiyoonekana upesi. Mahali donge linapoanza kuwa jembamba, minyororo ya protini hukazana na kujipanga sambamba, na mahali hapo huwa pagumu zaidi kuvutika. Kwa hiyo mvuto huhamia kwenye sehemu zilizo nene bado. Donge hujisawazisha lenyewe! Ndiyo maana nyuzi hutoka karibu sawa kwa unene ingawa hazikupimwa. Unga wa mahindi hauna wavu huo. Sehemu yake iliyo nyembamba ndiyo dhaifu kuliko zote, na hapo ndipo unapokatika.

Majivu ya jangwani na magadi

Maji na chumvi havitoshi kumpa mpishi wa Lanzhou donge alitakalo. Kwa asili, wapishi wa huko walitia pia majivu ya kichaka kiotacho katika nchi kavu za kaskazini-magharibi. Kichaka hicho kilichomwa, na majivu yake, yaitwayo penghui, yakayeyushwa katika maji. Kemikali iliyo muhimu ndani yake ni kaboneti ya potasiamu, ambayo ni alkali. Siku hizi wapishi wengi hutumia poda iliyotengenezwa kiwandani yenye kaboneti za namna hiyo.

Alkali hiyo hufanya kazi mbili. Kwanza, husaidia madaraja ya salfa kufunguka na kujifunga upya baina ya minyororo ya protini, hata wavu wa gluteni ukakaza na tambi zisivunjike katika maji ya moto. Pili, unga wa ngano una kemikali ziitwazo flavonoidi, ambazo hazina rangi katika hali ya kawaida, lakini zikikutana na alkali hugeuka kuwa za manjano. Hiyo ndiyo siri ya rangi ya tano. Kiasi kinachotiwa ni kidogo sana. Kikizidi, tambi huwa na ladha ya sabuni.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki anayo alkali ya jamii hiyo hiyo, nayo ni magadi, yatokayo katika maziwa kama Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania. Sehemu kubwa ya magadi ni kaboneti na bikaboneti za sodiamu. Hapa pana jambo la kufikiriwa na wanafunzi. Magadi yakitiwa katika sufuria ya maharage huyalainisha. Alkali ikitiwa katika donge la ngano hulikaza. Je, kitu kimoja kinawezaje kuleta matokeo mawili yanayopingana? Jibu ni kwamba alkali haigusi kitu kile kile katika vyakula hivyo viwili. Katika maharage huyeyusha pektini, ambayo ni gundi inayoshikanisha seli za mmea. Katika donge la ngano hugusa protini na madaraja yake. Kemikali haina tabia ya kulainisha wala ya kukaza kwa yenyewe; matokeo hutegemea kile inachokutana nacho.

Kwa nini donge huachwa litulie

Baada ya kukandwa, donge hufunikwa na kuachwa kwa muda. Kila mpishi wa chapati anaijua desturi hii, ingawa huenda hakuelezwa sababu yake. Kukanda huvuta minyororo ya protini na kuiacha katika mkazo. Donge likisukumwa au kuvutwa papo hapo, hujikunyata na kurudi. Likiachwa, vifungo dhaifu baina ya minyororo huachiana na kushikana upya mahali pengine, na mkazo hupungua. Wakati huo huo maji hupata nafasi ya kuenea sawasawa hadi ndani ya chembe za unga. Kwa hiyo muda wa kungoja si muda uliopotea: kazi inaendelea ndani ya donge, ijapokuwa hakuna mkono unaoligusa.

Donge likisha kutulia, mpishi hulikanda na kulivuta tena mara nyingi, akilisokota kama kamba, ili minyororo ielekee upande mmoja. Kisha hulikata vipande, kila kipande kikiwa cha bakuli moja, na kuvipaka mafuta.

Hesabu ya kukunja

Mpishi hushika kipande hicho kwa ncha mbili na kukivuta, hukikunja katikati, hushika ncha mpya na kuvuta tena, akinyunyiza unga mkavu ili nyuzi zisigandane. Kila mkunjo huzidisha idadi ya nyuzi kwa 2. Mkunjo wa kwanza hutoa nyuzi 2, wa pili 4, wa tatu 8. Kwa ufupi, baada ya mikunjo n, idadi ya nyuzi ni 2 kwa kipeo cha n. Mikunjo 8 hutoa nyuzi 256.

Tuchukue mfano. Kipande cha donge kimevutwa kikawa na urefu wa mita 1 na kipenyo cha milimita 16. Mjao wake ni kiasi cha sentimita 200 za ujazo, kinachotosha bakuli moja kubwa. Mpishi akikunja na kuvuta kila mara mpaka urefu wa mita 1, mjao haubadiliki. Kwa hiyo kila mkunjo hupunguza eneo la mkato wa uzi kwa nusu, na kipenyo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41. Matokeo ni haya:

Mikunjo 4: nyuzi 16, kipenyo milimita 4.
Mikunjo 6: nyuzi 64, kipenyo milimita 2.
Mikunjo 8: nyuzi 256, kipenyo milimita 1.
Mikunjo 12: nyuzi 4,096, kipenyo milimita 0.25.

Katika mstari wa tatu, urefu wa nyuzi zote ukijumlishwa ni mita 256, yaani kiasi cha mara mbili na nusu ya urefu wa kiwanja cha mpira. Zote zimetoka katika kipande kilichojaa kiganjani. Mteja anapotaja unene wa tambi zake, kwa kweli anataja thamani ya n. Tambi pana kama ukanda huanza kwa donge lililobanwa likawa bapa, na mikunjo yake ni michache.

Joto na maji

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza pia kwa nini mteja hangoji. Ili uzi uive, hapana budi maji na joto vifike katikati yake. Vyote viwili hupenya kwa mtawanyiko, na maji ndiyo yanayochelewa zaidi. Muda wa mtawanyiko hukua kwa mraba wa unene: unene ukizidishwa kwa 2, muda huzidishwa kwa 4. Basi kati ya donge la milimita 16 na uzi wa milimita 1 pana tofauti ya mara 16 kwa 16, yaani 256. Ikiwa uzi huo huiva kwa dakika 1, donge zima lingehitaji, kwa makadirio ya kanuni hiyo, zaidi ya saa 4.

Katika mwinuko wa Lanzhou, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Sentigredi badala ya 100, kama yanavyochemka Nairobi au Arusha. Hilo halimzuii mpishi, kwa sababu wanga wa ngano huanza kuvimba na kulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Ndani ya maji wanga huvimba, na gluteni, kwa kupata joto, huganda na kuzishika chembe zake. Ndipo tambi huwa laini kwa nje na yenye ukinzani kidogo chini ya meno.

Bakuli la Lajia

Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha taarifa ya wanasayansi wa Uchina juu ya bakuli la udongo lililofukuliwa Lajia, katika jimbo la Qinghai. Bakuli hilo lilikuwa limepinduka chini ya mita 3 za mashapo, na chini yake zilikutwa nyuzi za manjano zenye unene wa milimita 3 hivi na urefu wa zaidi ya sentimita 50. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 4,000. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyuzi hizo hazikuwa za ngano, bali za nafaka mbili zenye punje ndogo, zilizo za jamii moja pana na ulezi na mawele. Taarifa ilisema kwamba huenda zilivutwa kwa mkono.

Watafiti wengine walipinga. Walisema: nafaka hizo hazina gluteni, basi nyuzi ndefu hivyo zilivutwaje? Ubishi huo ulikuwa na faida. Mwaka 2014 baadhi ya watafiti wa awali walieleza kwamba nyuzi za namna hiyo zingeweza kupatikana kwa kusindika donge litoke katika matundu ya chombo, wala si kwa kulivuta. Hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda: ujuzi wa kemia ya donge ulitosha kuitilia shaka taarifa ya jarida kubwa na kuwarudisha watafiti kwenye majaribio.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili bila vifaa vya gharama. Gramu 100 za unga wa ngano zichanganywe na mililita 60 za maji, zikandwe kwa dakika 10, na donge liachwe ndani ya maji kwa nusu saa. Kisha lifinyangwe taratibu katika bakuli la maji safi, maji yakibadilishwa kila yanapokuwa meupe, mpaka yabaki maangavu. Tone la ayodini likitiwa katika maji meupe yaliyotoka, rangi ya samawati iliyokoza itadhihirisha wanga. Kitakachobaki mkononi ni gluteni mbichi, yenye uzito wa kiasi cha gramu 25 hadi 35, ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Wanafunzi waivute na kuona inavyorudi. Jaribio lirudiwe kwa unga wa mahindi na wa muhogo; mwishoni mikono itakuwa mitupu.

Ngano ya kununua na nafaka za nyumbani

Kenya na Tanzania hununua kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoliwa humo. Vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, bei ya ngano duniani ilipanda, na mnunuzi wa mkate wa Afrika ya Mashariki akaona athari yake. Fikira ya kuchanganya unga wa ngano na unga wa mazao ya nyumbani si ngeni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko tangu mwaka 1964.

Yaliyoelezwa hapa juu yanaonyesha uwezo na mipaka ya fikira hiyo. Kila kijiko cha unga wa muhogo kinachoingia mahali pa ngano hupunguza nyuzi za wavu. Mkate unaweza kuvumilia sehemu 10 hadi 20 hivi katika 100 bila kuharibika sana, kwa kuwa wavu uliobaki bado unatosha kuzuia hewa. Tambi za kuvutwa, zinazoutegemea wavu huo kwa kila kitu, huvumilia kidogo sana. Anayeahidi kwamba unga wowote utafanya kazi ya ngano anasahau kemia.

Lakini haifuati kwamba unga usio na gluteni ni unga mbovu. Kila nafaka ina namna yake ya kushikana. Kusini ya Uchina, tambi za mchele husindikwa kwa kupitishwa katika matundu, na wanga wake uliolainishwa kwa joto ndio unaozishikilia. Pwani ya Afrika ya Mashariki, mkate wa kumimina hutengenezwa kwa mchele uliosagwa, nao humiminwa, haukandwi. Ugali husongwa juu ya moto, kwa sababu wanga wa mahindi haushikani mpaka upate maji na joto. Waliobuni vyakula hivi hawakuulazimisha mchele au mahindi kuwa ngano. Walitafuta njia inayokubaliana na kilichomo ndani ya punje. Mtaalamu wa vyakula anayetaka kupunguza ngano ya kununua hana budi kuanza na swali lile lile: ndani ya unga huu kuna nini kinachoweza kushikana, na kinashikana katika hali gani? Akilijibu hilo, atajua unga upi uvutwe, upi umiminwe, na upi usongwe.